Nimemshika Mama Mguu

Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.
14 Juni 1993

Mpendwa shemeji Twaha,

Assalaam alaykum. Vipi baridi ya Bukoba, na kile kikohozi chako kimekwisha? Sisi huku wazima, na mama yako ndiye mzima kuliko sote. Natanguliza hilo ili yanayofuata uyasome umekaa kitako.

Nyumba sasa ina mabati mapya. Nilijivuna nayo mpaka nikasahau kipande kimoja uani, karibu na mlango wa bafu. Kosa ni langu. Jumamosi ya wiki iliyopita, baada ya adhuhuri, mama alitoka kuoga, kikamchana kigimbi.

Unajua tunavyoishi. Huu mwaka wa kumi na moja tangu nimwoe dada yako Mwanakombo, na mama sijamtazama usoni. Nikipita anajifunika khanga, hata salamu zetu hupitia kwa Mwanakombo. Basi niliposikia kelele nilikimbia, nikafika kwenye ukuta wa bafu nikaganda.

Na mimi ndiye niliyesomea! Kiwandani kwetu muuguzi, Sista Bernadeta, alitufundisha huduma ya kwanza miezi mitatu. Tuliyakariri maneno yake kama watoto wa chuoni: fahamu, njia ya hewa, pumzi, mapigo, damu. Ukimfikisha mgonjwa hospitali ukasema "hali mbaya" tu, alikuwa anakufukuza darasani.

Nikaanza kutibu kwa mdomo, nyuma ya ukuta, Mwanakombo akiwa upande wa pili na mama.

"Fahamu anayo?"

"Anayo, anayalaani mabati yako!"

Nikamwambia dada yako abane jeraha kwa kitambaa, yeye akakimbilia kopo la kahawa amwagie kidondani. Nikamkataza kwa ukali. Mara akasema mama anatoka jasho la baridi, kauli imepungua, na khanga ya pili imelowa damu. Hapo nikajua ni mshtuko, damu imempungukia mwilini. Niliogopa, shemeji. Niliogopa tutampoteza mama kwa sababu mie naona haya.

Nikauzunguka ukuta. Nikamlaza chali, nikauinua mguu wake, nikabana jeraha kwa viganja vyote viwili. Mama akavuta khanga akajifunika uso, mie nikageukia ukutani, tukakaa hivyo mpaka jirani alipoleta gari.

Hospitali nikayataja yote kwa mpangilio: fahamu anayo, hewa inapita, pumzi ishirini na sita kwa dakika, mapigo mia na ishirini, damu inatoka nikiachia. Wakampokea hapohapo, wakamshona nyuzi tisa. Aliyekuwa anaandika akaniuliza mimi ni nani wake. Sauti ikatoka chini ya khanga, "Mwanangu huyo."

Nililia, sikufichi.

Sasa anatembea, na amerudi kujifunika kama zamani. Ila kila asubuhi anajipima mapigo kwa vidole viwili na kuniletea hesabu kupitia kwa Mwanakombo. Leo ni sabini na mbili.

Wewe ndiye mkubwa wa nyumba yenu. Ikiwa nilimkosea heshima mama kwa kumshika, niambie nije nikuombe radhi. Nisingependa ulisikie kwa mwingine.

Msalimie sana wifi yake Mwanakombo, Bi Naima, na mdogo wako Farhan. Mungu awalinde na awape afya.

Ni mie nikupendaye, zamani shemeji yako, sasa ndugu yako kwa kauli ya mama mwenyewe,

Nassibu