Redio Imemwita Asiyejulikana

Jumanne, mvua ya Gu, masika yetu, imeanza

Asiyejulikana! Redio inasema mafuriko ya huko Modogashe yameua dereva asiyejulikana. Huyo ni mtoto wa ndugu yangu. Jana tumemzika, mji mzima ulikuwa makaburini.

Nimempigia mtangazaji simu, nikamtajia marehemu na mababu zake. Mimi nahesabu kumi na tano bila kukosea, hakuna mzee hapa Garissa ananiweza. Kwa babu wa tatu akanikatiza.

"Mzee, majina mawili yanatosha."

"Mawili? Kwani wewe uliokotwa njiani?"

Akacheka. Wallahi, akacheka! Na saa kumi akasoma vilevile, asiyejulikana.

Mama wa marehemu anangoja habari ya jioni asikie jina la mwanawe. Nimetoa betri, nikamwambia redio imeharibika. Mimi, mzee ambaye hajawahi kusema uongo.