Neno Lililofuata "Ni Lazima"

Modogashe,
S.L.P. 27, Garissa.
16 Juni 1996.

Mpendwa ndugu yangu Abdisalam,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani huko Kitale? Baridi inakutendaje, na kifua chako kimetulia? Sisi hapa tuko, alhamdulillahi. Mvua ilinyesha siku nne tu kisha ikatuaga, na ngamia wamepelekwa mbali kutafuta malisho. Mimi ni mzima, na darasa la tano bado wananimaliza sauti. Nakuandikia Kiswahili kama kawaida yetu, kwa kuwa Kisomali hatukufundishwa kukiandika.

Sasa kama umesimama, kaa.

Mdogo wetu Fowsiya amenusurika, lakini mtoto aliyekuwa tumboni hatukumpata. Alikuwa wa kiume, mimba ya miezi minane. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tumemzika Garissa. Nimeanza na hilo ili usikimbize macho ukilitafuta.

Unamkumbuka eddo Sharifo, shangazi yetu, alivyokuwa akifagia zahanati. Unakikumbuka pia kitabu chako kikubwa cha chuo, kile cha magonjwa na uzazi, ulichotuachia ulipopata cheti cha utabibu. Kwa miaka sita eddo amekuwa akinijia jioni na neno moja la Kiingereza, anauliza maana yake. Leo figo, kesho degedege. Nilidhani ni mchezo wa mzee anayeogopa akili yake kulala. Nikamtania, nikamwita daktari wa ufagio.

Kumbe alikuwa akikihifadhi! Alikihifadhi kama tulivyohifadhi juzuu za Kurani duksini, madrasa yetu ya utotoni: anaandika kipande kwenye loho, ule ubao wetu, kwa wino wa mkaa, anakariri mpaka kimekaa, anaosha, anaandika kingine. Tena alianzia mwisho wa kitabu akarudi mbele, kwa sababu duksini tulianza na sura fupi za mwisho, na hakuna aliyemwambia vitabu vingine havianzwi hivyo. Kurasa mia tatu na zaidi, Abdisalam. Nami mwalimu mwenye cheti nilikuwa nikimcheka.

Fowsiya alipoanza kuumwa kichwa, akavimba miguu na uso, tulimpeleka kwa Adow, yule mwenye kliniki karibu na kituo cha malori. Cheti chake kiko ukutani katika fremu ya rangi ya dhahabu, na akiwa chini yake husema Kiswahili tu, tujue kasoma. Akasema ni malaria na joto, akatoa vidonge. Eddo akamuuliza Fowsiya kama anaona vimulimuli machoni. Akasema anaviona tangu jana. Eddo akasimama, akasema mgonjwa aende Garissa leo hii. Adow akamuuliza, kwa dharau iliyo wazi, cheti chake kiko wapi.

"Cheti hakuna," eddo alimjibu kwa Kiswahili chake. "Kitabu yote iko hapa kichwa, lakini kurasa nane sina. Hii ugonjwa iko kwa hiyo nane. Mimi najua kwamba sijui. Wewe je?"

Adow aligeuka akaita mgonjwa mwingine. Ukitaka kujua eddo alikuwa na maana gani, ni hivi. Ukurasa wa 210 wa kitabu chako unaishia katikati ya sentensi. Kwa Kiswahili ni kama kusema: "Mjamzito anayeumwa kichwa, aliyevimba uso na kuona vimulimuli, ni lazima". Basi. Kinachofuata ni ukurasa wa 219, mambo ya kunyonyesha. Eddo aliniuliza mara nyingi, lazima nini? Nami nilimwambia kitabu kikizeeka hupungua kurasa.

Siku hiyo hapakuwa na gari. Tulipata lori la mbuzi kesho yake asubuhi. Upepo ulikuwa mkali, nikamfunika Fowsiya kwa koti lako la kijivu, lile ulilolivaa mitihani yako ya mwisho ukaja kulitupa kwetu kwa kuwa limechanika kwapa. Katikati ya njia alishikwa na degedege. Tulimshika watu watatu na hatukumweza.

Daktari wa Garissa alimpasua, akamwokoa. Hakutugombeza. Alisema tu kwamba mgonjwa wa namna hii huchomwa sindano kabla ya safari, na hulazwa kwa ubavu wa kushoto, na kwamba tungefanya hivyo huenda mtoto angefika hai. Sindano hiyo Adow anayo kabatini. Nimerudi nikamuuliza, akanionyesha.

Kesho yake, pale Garissa, nilikwenda bombani kulifua koti. Ndani ya bitana ya mkono wa kushoto kitu kilichakacha. Nikafumua uzi. Karatasi nne zimekunjwa ndogo, zimeshonewa humo kwa uzi mweupe, na mshono ni wako, ule mkubwamkubwa ambao mama alikuwa akikucheka. Ukurasa wa 211 mpaka wa 218.

Nilikaa chini palepale kwenye matope. Baada ya "ni lazima" imeandikwa alazwe kwa ubavu wa kushoto, achomwe sindano, ndipo asafirishwe. Maneno hayo yalikuwa nasi njia nzima. Yalikuwa yamemlalia Fowsiya kifuani wakati tunamshika.

Nimeshtuka hata sijui nilie kwa lipi. Kila mwaka nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wasome wawe kama wewe. Mama hukifuta vumbi cheti chako kila Idi, na sasa nikikitazama naona ule uzi mweupe. Yeye sijamwambia, wala Fowsiya. Na huenda siku ulipoziingiza kwa siri kwenye mtihani hukuulizwa hata swali moja la kurasa hizo. Sijui lipi lingeniuma zaidi. Niandikie ukweli: wanawake wangapi wa Kitale wamelala mbele yako na ugonjwa huu, nawe ukafanya nini?

Eddo nilimwambia. Nilitarajia akulaani. Badala yake alileta loho, akaniambia nimsomee kuanzia "ni lazima". Jana amezimaliza zote nane.

Mama anakusalimu, na mjomba wetu abti Alio pia. Fowsiya anakusalimu sana, na anakushukuru kwa koti.

Eddo Sharifo anasema uje likizo hii. Cheti hatakuuliza. Utaketi mkekani mbele yake umsomee kurasa nane bila kitabu, kama mbele ya mwalimu wa duksi, na ukikosea atakurudisha mwanzo mpaka zikae. Mwenyezi Mungu akusitiri, na awalinde wagonjwa wako mpaka siku hiyo.

Dada yako ambaye bado anakupenda,
Saynab