Pini ya Mshazari

Jumatatu, 4 Machi
Leo tumefungiwa ukumbini siku nzima. Mafunzo ya kuzuia ubaguzi kazini! Mkurugenzi mpya kayataka. Mkufunzi akauliza kama kuna aliyewahi kuona ubaguzi hapa kiwandani. Fundi mmoja wa magodoro akakohoa, basi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Halafu wakachagua kamati. Wakanitaja mimi — eti dada wa mapokezi anamjua kila mtu. Makofi! Miaka kumi na moja niko nyuma ya kile kioo. Kila mtu ananisalimia, hakuna anayengoja jibu. Ndiko kumjua kila mtu huko?

Nyumbani nimekula nimesimama. Nikikaa, kiti cha marehemu mume wangu kinakuwa mbele yangu.

Jumatano, 6 Machi
Kaja binti mmoja na gongo la kutembelea kwapani, anaomba ukarani wa ghala. Jasho linamtiririka, ngazi zetu mtihani. Nikampa pole. Akasema: "Usinipe pole mama, nipe kiti." Jamani nimecheka! Sijui mara ya mwisho nilicheka hivyo lini. Tumepiga soga robo saa nzima. Miaka sita amefanya kazi ya ghala, vyeti vyote anavyo.

Akaondoka. Nikachukua stepla, nikapiga pini kwenye fomu yake. Mshazari.

Sikufikiri, wallahi! Mkono umezoea. Meneja utumishi alinifundisha wiki yangu ya kwanza: mwombaji safi, pini inyooke. Mwenye walakini — mimba, ulemavu, umri, lafudhi ya kule kwao — pini ilale upande. Za upande hazisomwi. Haijaandikwa popote, na hakuna anayeitaja. Nilipozinduka, tarishi alikuwa ameshabeba trei. Fomu imekwenda juu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepanda kwa meneja. Nikaomba anirudishie ile fomu nibadilishe pini. Akatabasamu. Pini gani? Yeye hajawahi kunieleza habari za pini. Kisha taratibu, kama anayembembeleza mtoto: kwani mkono uliopiga ni wa nani, dada?

Mchana yule binti kapiga simu. Mama, fomu yangu imefika? Nikamwambia imefika. Kweli imefika. Nimejichukia.

Ijumaa, 8 Machi
Orodha ya usaili imebandikwa. Hayumo.

Jumatatu, 11 Machi
Kamati itakutana Jumatano mbele ya mkurugenzi. Nikaomba ufunguo wa stoo, nikafungua boksi la fomu zilizokataliwa. Za mshazari zimejaa tele. Kazi yangu naijua, huwa nakandamiza sana.

Chini kabisa nikakuta jina langu. Ile barua ya miaka mitatu iliyopita, nilipoomba ukarani wa utumishi, mwezi mmoja tu baada ya kumzika mume wangu. Pini imelala upande.

Siku ile aliyeipokea ni Bi Masijala. Tunamwita hivyo kwa sababu mafaili yote yako mikononi mwake, naye hunishikia zamu nikiwa na dharura. Rafiki yangu pekee hapa! Tunakula pamoja kila mchana. Msibani kwangu alilala siku tatu, akaniogesha kama mtoto.

Nikamfuata. Hakukana. Meneja alimwambia mjane mbichi atakuwa analia lia ofisini. Akasema hivyo, kisha akalia yeye. Halafu akafuta macho, akaniuliza: "Ingekuwa mimi nimekuletea wewe barua yangu, ungepiga vipi?"

Nikageuka, nikaondoka. Angejua tu kama nadanganya.

Jumanne, 12 Machi
Nimekula peke yangu. Bi Masijala kahamia meza ya madereva. Nilimwekea kiti, mjinga mimi.

Jioni nikampigia dada yangu. Nikamweleza yote. Kaniambia niachane nayo, nikifukuzwa nani atanichukua na umri huu? Umri! Nilipokata simu ndipo ikaniingia: nikipeleka fomu yangu popote leo, pini italala upande.

Jumatano, 13 Machi
Saa nne kasorobo. Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano, boksi liko mapajani. Naandika huku nangoja kuitwa.

Meneja kapita. Kasema kwa upole nimpe boksi anisaidie kulibeba, ni zito. Nimesema nashukuru, nimelizoea. Hakutabasamu safari hii.

Nikisema, itabidi nianze na langu: aliyepiga ni mimi. Baada ya hapo sijui. Naogopa. Hata ile salamu ya kupita sijui nani atanipa.

Kutoka hapa nayaona mapokezi. Bi Masijala kanishikia zamu. Mama mmoja mjamzito kaja na bahasha, mkono mmoja kiunoni. Wameongea kidogo. Wamecheka. Yule mama anashuka ngazi sasa, taratibu, ameshika ukuta.

Bi Masijala ameshika stepla. Fomu iko mezani. Hajapiga. Ameinua uso, ananitazama.

Mlango umefunguliwa. Wananiita, na yeye bado —