Usukani Uliopimwa na Mlango

Malangali, Sumbawanga

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijaanza kulalamika, niambie kwanza jicho lililobaki linaendeleaje, na kama bado linaona rangi. Najua Tusekile ndiye anayekusomea. Tuse, mdogo wangu, soma yote, usiruke pale ninaponung'unika. Mwili wangu ni mzima, baridi ya huku nimeizoea, kazi ya ubwana shamba inaendelea. Moyo ndio umechafuka.

Baba, kwenye yale mashindano ya baiskeli huko Mbeya sitakuwepo. Najua ulishawatangazia majirani kwamba mwanao atashuka mlima na wewe utakuwa pale chini unamwangalia, kabla jicho hilo nalo halijafunga. Nilikitaka hicho kuliko kitu chochote. Kilichoniangusha ni usukani.

Unakumbuka nilivyokusumbua kwa simu nikiuchagua. Deo, yule mwalimu ninayeshuka naye bondeni kila Jumamosi, alishikilia kwamba mpana kuliko wote ndio mzuri. Wewe na ufundi wako wa baiskeli ukacheka, ukasema, "Lala kifudifudi, jiinue kwa mikono. Viganja vilipokaa, usukani uishie hapo." Nikalala sakafuni ofisini, wenzangu wakadhani nimeokoka upya. Nikachagua wa alumini, maana ule wa kaboni unaweza kuwa na ufa usiouona mpaka ukuache hewani. Nikataka ulioinuka kidogo, ili kwenye mteremko mkali kifua kisilalie mbele. Ulipofika kutoka Dar niliufunga mwenyewe, na mara ya kwanza kushuka nao baiskeli ilikwenda kila nilikoielekeza, mawe na yote. Nilifurahi kama mtoto.

Sasa sikia. Mama Furaha, mwenye nyumba wangu, ana sheria moja: baiskeli hailali nje. Ni sheria nzuri, wezi wapo. Lakini korido yake ni nyembamba, na kila asubuhi nilikuwa nazikwangua kuta zake kwa ncha za usukani. Mwezi huu binti yake anakuja kuposwa, kwa hiyo korido ikapakwa rangi. Mimi nikaenda Milepa kikazi, kwa wakulima wa mpunga, baiskeli nikaiacha hapo koridoni. Niliporudi alinipokea kwa tabasamu.

"Pole na safari, mwanangu. Shida yako nimeimaliza."

"Shida gani, mama?"

"Si hii baiskeli. Nilimwita fundi wa mageti kutoka Katandala, tukapima na mlango, akapunguza huku na huku. Sasa utapita bila kuiinamisha."

Amekata pande zote mbili, Baba, kwa msumeno wa chuma. Mimi nilipima na mabega yangu, wao wamepima na mlango. Hata mipira ya kushikia waliirudishia vizuri kabisa. Nilikaa chini, naye akaniletea chai.

Nilizunguka maduka yote ya spea, maana mwingine kutoka Dar usingewahi mchujo wa kwenda Mbeya. Zilizopo ni sukani za baiskeli za mizigo, bomba lake jembamba, na shingo ya baiskeli yangu inashika bomba nene. Deo akanishauri tujazie kipande cha bati. Tulipojaribu kwenye ngazi za kanisa, usukani ulizunguka mikononi mwangu nikatua kwa kidevu. Nikaurudisha huo uliokatwa.

Siku ya mchujo ilikuwa imebaki nafasi moja. Tulianzia juu ukingoni, pale bonde lote la Rukwa linapoonekana. Kila jiwe lilininyang'anya gurudumu, na viganja vilikuwa vimesogeleana kama vya mtu aliyebeba sinia. Kwenye kona ya mawe niliweka mguu chini, nikasimama kabisa. Nafasi akaichukua Deo. Alinifuata kule chini akasema, "Braza, leo hukushindwa na mimi." Nilimwambia aende zake. Hasira bado ninayo, na sijui nimkasirikie nani.

Jana Mama Furaha, baada ya kusikia yaliyonipata, alinigongea mlango na vile vipande viwili, kavifunga kwenye kitenge. "Nilivitunza," akasema. "Fundi anasema anaweza kuvichomelea." Nikimruhusu, Baba, mtanizika. Nikavipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru.

Msalimie sana Mama, mwambie kidevu kimepona. Msalimie Shangazi wa kwaya, na Mjomba aliyeahidi kuja na ngoma siku ya mashindano. Mwambie ngoma aiache nyumbani.

Ila likizo nilishaomba, na nimepewa. Nakuja na basi, baiskeli kwenye buti. Mashindano waache washindane wenyewe. Kuna ile njia ya nyuma ya kanisa letu, inayoteremka mpaka kisimani. Tuse akushike mkono akusimamishe pale chini, karibu na njia. Nitavaa fulana ya njano, kwa sababu ulisema njano bado unaiona. Na usukani huu hauniruhusu kukimbia, Baba. Nitashuka polepole, utapata muda wa kuniona.

Mwanao,
Lusajo