Ruhusa ya Kukonda

Ilomba,
Kwa njia ya duka la Bwana Alawi,
Mbeya.
Tarehe 14 Julai, 1957.

Mpendwa mdogo wangu Asukile,

Pokea salamu za nyumbani, zikiwa bado na moto wa jikoni. Habari za Mafinga? Baridi ya huko mnaionaje? Kidole kile ulichojikata na msumeno kimefunga au bado unakipepea? Wifi yangu Marta hajambo? Na mtoto je, meno yameota, au bado anatafuna vidole vyenu? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Shemeji yako Saulo anakohoa kidogo, ila nikimtuma kuni ndipo anakohoa sana.

Mahindi tumeyaingiza ndani yote. Viazi vya bondeni vimeunguzwa na baridi, majani yamekuwa meusi kama yamepitiwa na moto, lakini vya mlimani vimepona. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike, na Yudith wangu amekwisha kumpa jina kabla hatujaulizwa sisi wazee.

Kifurushi chako amekileta Muharami, yule dereva wa lori, kikiwa salama: sukari, maziwa ya kopo, unga wa ngano na samli. Ndaga fijo, asante sana, mwana wa mama. Ila ni kifurushi hicho hicho kilichonishikisha kalamu. Sasa kaa kwenye kigoda, maana haya si ya kusomwa umesimama na randa mkononi. Na usinune njiani. Soma mpaka mwisho, halafu ununie huko, mimi sitakuona.

Ni habari ya mama. Usishtuke, yupo. Naandika haya naye yuko jikoni anamgombeza Yudith kwa kuunguza maharage.

Unakumbuka ulivyomkuta ulipokuja likizo mwaka juzi, baada ya matanga ya baba. Alikuwa amebaki mifupa na macho, chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Ulilia, nami nilikuona ingawa ulijificha nyuma ya zizi. Ndipo ulipotengeneza lile sanduku la mbao, ukalitia jembe lake ndani, ukapiga kufuli mbele ya majirani wote, ukasema mama amelima vya kutosha, sasa ni zamu yako kumlisha. Ufunguo ukaondoka nao. Wanawake walipiga vigelegele! Hata mimi nilipiga, maana siku ile mama alihitaji kulishwa na kupumzishwa, na aliyekataa hilo angekuwa mchawi.

Chakula chako kikamrudisha, Asukile. Uso ukajaa, sauti ikarudi, akaanza tena kutucheka. Mimi nilidhani tumefika. Kumbe mama alikuwa ndiyo kwanza anaondoka.

Kila Muharami alipopiga honi huko barabarani, watu walikusanyika, na mama akajigeuza mbele yao kama bibi harusi ili waone mgongo na mikono. Kule kijitoni wakamwita Mama Mafinga. Chai ikawa haiwi chai mpaka kijiko kisimame. Maandazi asubuhi, maandazi jioni. Kutembea hatembei, maana aliyelishwa na mwanawe anatembea kutafuta nini? Nikimwambia mama sasa inatosha, ananijibu kwamba ninamwonea wivu kwa sababu Saulo hajanilisha hivyo. Looo!

Unalijua lile jiwe katikati ya njia ya shambani kwetu. Mama alikuwa akiwacheka wanaoketi pale, naye ana mzigo wa kuni kichwani. Basi kufika mwezi wa pili, mama huyo huyo alikuwa halifikii hilo jiwe. Alikuwa akikaa chini kabisa, pale penye mwanzi, mkono kifuani, akisema anatazama mawingu. Miguu ikavimba, nikibonyeza na kidole shimo linabaki. Usiku analala ameketi, ameegemea ukuta. Majirani wakimwona mchana wanasema, mama amenona, Mungu ampe nini tena? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nikampeleka hospitali ya misheni. Tulikwenda na mama mdogo Ikupa kwa kunisaidia njiani. Alipopandishwa kwenye mzani, mama hakuuliza kama ni mgonjwa. Aliuliza kama jirani yetu Mama Isakwisa amewahi kupimwa hapo, na kama alimzidi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mama daktari hakucheka. Akamsikiliza moyo kwa muda mrefu, akambonyeza miguu, kisha akasema moyo wake umechoka, unabeba mzigo usio wake, na akiendelea hivi atatuacha mapema. Mama akapandisha hasira. Akaninyooshea kidole: mbona Damari naye ni mnene, toka utoto wake, hasemwi? Na kweli, unanijua, mimi nilizaliwa pipa. Daktari akanituma nipande mlimani mpaka kwenye kengele ya kanisa na kurudi. Nilikwenda na kurudi huku nikisalimiana na watu. Akanipima moyo, akasema mwili huo ni wangu na ninauweza, ila nisiuongeze. Akamtazama mama mdogo Ikupa, ambaye ni mwembamba kama ufito na anapanda na debe la maji kichwani bila kuhema, akasema na huyu hana ugonjwa wowote, asilazimishwe kunenepa.

Mdogo wangu, hapo nilielewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Vidole vya mkono havilingani, na miili vivyo hivyo. Tunatazama watu kwa macho ya sokoni, mnene ni mzima na mwembamba ni mgonjwa, tumemaliza. Daktari alimuuliza mama mwenyewe: mwili uliokupandisha shambani bila kukaa jiweni ulikuwaje? Mama akasema ulikuwa wa katikati, kanga ilikuwa ikinizunguka na pindo linabaki. Daktari akasema basi huo ndio mwili wako, urudie polepole. Si ule wa matanga, na si huu.

Akarudi nyumbani akatii, nami namsifu kwa hilo. Chai bila sukari, akikunja uso kama anakunywa mwarobaini. Ugali kidogo, maharage na majani ya maboga. Kila asubuhi anatembea. Lakini jembe, hapana! Nilimpa langu, akalikataa. Akasema mwenye ufunguo hajasema neno, yeye hawezi kulima mwanawe akaaibika. Akawa anapanda shambani na kupalilia kwa mikono, akiona mtu, anasimama haraka na kujifanya anachuma mboga. Hata hivyo kufikia mwezi wa tano miguu ilikuwa imerudi, analala kama watu, na siku moja alipita lile jiwe bila kugeuza shingo. Nilikuwa nyuma yake. Nilifurahi mpaka nikalia.

Sasa sikiliza balaa lilikotokea. Watu wakaanza kuona mama anapungua. Mama Isakwisa akalitangaza kijitoni, kwamba mtoto wa watu amepata mke Mafinga, mama amesahauliwa, mnaona anavyonyauka? Wakalitaja na jina la Marta. Maneno hayo yalifika kwa mama siku hiyo hiyo, maana kijito chetu kinapanda mlima kikiwa na umbeya.

Basi mimi nikaanza kuona mambo kwa mama. Jumapili kanisani mama mnene, Jumatatu nyumbani kapungua. Jumapili mnene, Jumatatu kapungua. Mimi mjinga nikadhani anakula sukari kwa siri, nikawa nanusa vikombe.

Kisha ikaja arusi ya Danieli, kijana wa mzee wa kanisa. Mama akaja amejaa kweli kweli, juu ana sweta. Tulicheza karibu na mafiga ya vyakula, moto mkali, vumbi, watu wamebanana. Mama alikuwa akitokwa na jasho kama maji, nikamwambia vua sweta, akakataa. Mara akaenda chini, puu! Tukambeba uani. Wanawake wakasema alegezwe nguo apate hewa, na wa kwanza kushika alikuwa nani, kama si Mama Isakwisa? Akafungua kitenge, chini yake kitenge kingine. Akafungua hicho, akakuta blanketi. Akavuta, likaja, akavuta, likaja, mpaka mama wa watu akageuzwa mara mbili chini kama gunia. Ni blanketi la kijivu, lile ulilomletea Krismasi. Alikuwa amejizungushia tumboni.

Watu walianza kucheka, Asukile, na mimi nusura nicheke. Mama akafumbua macho. Hakuomba maji. Alisema, "Nifungeni."

Hakuna aliyecheka tena. Hata Mama Isakwisa alilikunja lile blanketi taratibu, akamwekea chini ya kichwa. Njia nzima ya kurudi mama alikuwa akilia, si kwa kuanguka. Alikuwa akisema, sasa wamepata ushahidi kwamba mwanangu amenitupa. Nilimwambia aibu ni ya wenye midomo. Nilimwambia kwamba wewe, Asukile, ni mwema kuliko watoto wa wote wale. Nilisema mpaka nikakauka koo.

Kesho yake akafungua sukari yako. Tangu siku hiyo chai inasimamisha kijiko tena, na kopo la maziwa halikai juma. Anakula hana njaa, anakula kama mtu anayejenga ukuta. Miguu imeanza kuvimba. Juzi alilala ameketi. Anajua alichoambiwa hospitali, si mtoto yule, amechagua mwenyewe. Ameona heri moyo usimame kuliko jina lako liguswe.

Nimekasirika, nakuambia wazi. Nimemkasirikia Mama Isakwisa, nimemkasirikia mama, na wewe pia kidogo, ingawa wewe hujakosa, ulitenda wema na wema hauozi. Lakini sipendi kumzika mama yangu akiwa amenenepa vizuri.

Mimi maneno yangu yamekwisha. Yako yeye atayasikia. Unajua barua zako huwa nazisoma uani, watu wote wamekuja kuona Muharami ameleta nini. Basi mara hii usitume sukari hata punje. Tuma ufunguo wa lile sanduku, uufunge kwenye kitambaa cheupe ili hata wa nyuma wauone. Na barua iandike kwa mkono wako, si ya kurasa nyingi, mimi sina haja na maelezo ya mbao. Sema kwamba ni wewe uliyemwagiza apungue. Sema umesikia yuko njiani kuurudia mwili wake wa zamani na umefurahi, na kwamba mwezi wa kumi na moja utakuja kulima naye bega kwa bega, na huyo Marta wanayemsema atakuwa nyuma yenu anapanda mbegu. Nitaisoma kwa sauti ya kuhubiri. Mama Isakwisa nitamwekea kiti mbele.

Baada ya hapo, ukipenda kumletea kitu, mletee viatu vya kupandia mlima.

Nisalimie sana wifi Marta, mwambie asiumie na maneno ya kijitoni, sisi tunamjua. Mbusu mtoto mashavu yote mawili, na asilazimishwe uji akisha kushiba. Saulo anakusalimu, mama mdogo Ikupa anakusalimu, Yudith anauliza utamletea nini. Mungu aliyekulinda njia ya kwenda ailinde na ya kurudi, na misumeno yako yote ikate mbao tu.

Nilikuwa nakunja karatasi, mama ameingia. Hajui kusoma lakini ameziangalia hizi kurasa kwa muda, ameshikilia mlango, anahema kwa kutoka jikoni tu. Ameniuliza kama nimekuandikia kwamba amenenepa. Nimemwambia ndiyo mama, nimeandika. Akacheka, akajifunga kitenge chake vizuri, akasema, "Mwambie nimenenepa sana, asiwe na wasiwasi."

Basi nimekuambia. Tuma ufunguo, Asukile.

Wako akupendaye, dada yako wa tumbo moja,

Damari