Kwa Ndugu Yangu Anayefunga Mipaka

Siyu, Pate,
Lamu.
Alhamisi, 28 Septemba 2023

Mpendwa ndugu yangu Kamaludin,

Assalamu alaikum. Nimeandika "mpendwa" kwa sababu barua haianzi vinginevyo. Natumai u mzima huko Jeneva na baridi haijakuingia kifuani, maana kifua chako nakijua tangu utotoni. Sisi hatujambo, ila Mama. Nitafika kwake.

Nimeandika kwa mkono, mwanangu Huwaida ataipiga picha akutumie. Ujumbe wa sauti huusikilizi mpaka mwisho. Wewe umezoea kusikilizwa.

Tumekuona kwenye video zako. Kila mji unaofika unajirekodi ukitufundisha nchi yetu iishi vipi na majirani zake. Istanbul ulisifu ukuta wao wa mpakani. Mwanzoni mwa mwezi huu, Jeneva, ukasema ujirani ni maslahi, si udugu, na kila aliyevuka kutoka visiwa vya Somalia akaguliwe upya, hata awe amekaa kwetu miaka hamsini. Wazungu wakakupigia makofi. Na kichwani umevaa kofia aliyokushonea Mama, kitobo kwa kitobo, miezi minne!

Nilikuwa napika. Nilizima jiko nikakaa chini, nikakutukana peke yangu mpaka nikachoka. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, Kamaludin.

Hiyo unayoiita siasa ya nje, kwetu imeingia mpaka jikoni. Mama ni wa Chula, ng'ambo ya mpaka, nawe wajua. Aliletwa hapa bibi harusi mwaka 1968, na hakuna aliyemuuliza karatasi. Walijadili mahari tu, wakala pilau. Wewe umenyonya maziwa ya hao unaotaka wakaguliwe. Hilo hukuwaambia Wazungu wako.

Wiki iliyopita nilimpeleka kuomba pasipoti ya kwenda umra. Jirani yetu mmoja, sitamtaja, naye ni wa Chula. Alipoulizwa alizaliwa wapi alijibu Kizingitini, hapa hapa Pate, akapita. Njiani nilimkumbusha Mama afanye vivyo hivyo. Afisa alipomuuliza, akasema, "Mimi nimezawa Chula, mwanangu. Ndia ya Maka siianzi kwa urongo."

Afisa akachukua kitambulisho chake na hakukirudisha. Kisha akatoa simu akamwonyesha wewe, ukiongea kwa madaha. Akasema hata wasomi wenu wenyewe wanataka mkaguliwe.

Bila kitambulisho Mama hapiti kwenye kizuizi cha askari kwenda kliniki ya presha. Dawa zilizobaki ni za siku kumi na mbili. Kamati ya kukagua vitambulisho itakaa Jumatatu, tarehe 9 Oktoba, na wanataka mashahidi wawili wa damu, waje wenyewe na vitambulisho vyao. Mmoja ni mimi. Baba hayupo duniani, na Mama alizaa wawili tu. Sasa niambie wewe bingwa wa majirani, huyo wa pili nimtafute wapi?

Huwaida anakusalimu. Bi Barka, jirani, anakusalimu na anauliza huko mnakula nini. Mume wangu Idris hakusalimu. Nilimwambia atoe hata neno moja la kukuandikia, akavaa viatu akatoka.

Nimebakiza jambo ambalo Mama alinikataza kukuambia. Afisa alipomwonyesha ile simu alimuuliza, "Watu wanasema huyu ni mtoto wako. Ni ukweli?" Mama aliutazama uso wako, akaitazama na kofia yake, muda mrefu. Kisha akasema, "Simyui."

Tulipotoka nilimuuliza kwa nini. Akasema hataki uaibike mbele ya wakubwa zako kwa sababu yake.

Kwa ajili ya Maka, Mama alikataa kusema uwongo. Kwa ajili yako alisema. Nina hasira nawe, lakini hasira yangu haiwezi kuapa mahali pako. Njoo umwambie yule afisa kwamba mama yako alidanganya.

Mungu akulainishe moyo, akufikishe salama kabla ya tarehe tisa.

Dada yako akupendaye, leo kwa shida,

Tima