Nyimbo za Kupandia Yerusalemu

Keila, mwezi wa Eluli, siku ya ishirini

Shemaya, mume wangu mdogo,

Amani kwako. Mimi mzima, ila magoti. Wewe unakula? Anayeniandikia ni Pelatya fundi ngozi, nimemwonya asinipambie maneno.

Nasikia sikukuu hii ya Vibanda utaimba na Walawi kwenye ngazi za Hekalu, mara yako ya kwanza. Nakuja. Magoti yakigoma nitayaburuta. Tutaimba njia nzima, kisha nikae ua wa wanawake nikusikilize wewe.

Bibi yako


Yerusalemu, Eluli, siku ya ishirini na saba

Bibi, mke wangu mkubwa,

Nakuamkia kwa heshima. Nakula, usihofu.

Njoo. Ila mwalimu wetu hapendi mahujaji wanavyozipigia kelele zile nyimbo za kupandia barabarani. Anasema ni za ngazi na vinubi. Na nakujua, bibi: usiku wa kuondoka lala uwanjani na wenzako kama desturi. Usiingie nyumba ya mtu ukakuta maiti, ukanajisika na kuzuiwa Hekaluni.

Mjukuu wako


Keila, mwezi wa Tishri, siku ya kumi na tatu

Shemaya,

Amani kwako. Hali yangu usiiulize.

Mwalimu wako kazaliwa juu ya hizo ngazi. Sisi wa huku chini tunaimba wimbo ule wa milima kwa kuwa milimani kuna wanyang'anyi, na ule wa ndugu kukaa pamoja kwa kuwa ikifika jioni tumekwisha gombania maji.

Tulilala uwanjani. Alfajiri kiongozi wa msafara akatuinua, tukamsikia Zibia akiita nyumbani mwake. Yule jirani tuliyenuniana naye tangu mbuzi wake ale mizabibu yangu. Mgonjwa, hana mtoto. Wenzangu wakanishika nguo: "Akikata roho nawe umo ndani, huendi." Nikawaambia waniachie.

Aliniomba wimbo wa njiani. Nikamwimbia. Katikati akafa, mkaidi yule, hata hakungoja nitoke.

Sasa nina unajisi wa siku saba, na sikukuu itanipita. Wenzangu wamekwenda, nilisikiliza filimbi yao hadi ikapotea. Pelatya anaandika kwa mbali, asiniguse. Nimemkasirikia Zibia, nimemkasirikia mwalimu wako, nimejikasirikia mimi, na bado ningeingia.

Utasema mwakani. Magoti haya hayana mwakani. Imba, mume wangu. Lakini usiniandikie kwamba uliimba vizuri. Nilitaka kusikia, si kuhadithiwa.

Mkeo, bibi yako